Misi na Es Iliyopungua

Mji mzima ulimwita Misi. Wauza samaki walimwita hivyo, madereva wa bajaji walimwita hivyo, na wazee wa msikitini waliokwisha kuota mvi, ambao aliwafundisha darasa la tatu, nao walimwita hivyo huku wakimwamkia. Jina lake la kuzaliwa nililiona mara moja tu, katika orodha ya wapiga kura iliyobandikwa ukutani, nikalipita bila kujua kwamba ni yeye.

Alikuwa mwalimu wa Kiingereza hapa Bagamoyo. Mimi ni fundi wa kuandika mabango. Siku hizi watu wanachapisha mabango kwa mashine mjini Dar es Salaam, yanakuja yamekunjwa kama mikeka, lakini nilipoanza kazi, kila duka lililotaka jina juu ya mlango lilimtafuta mtu mwenye brashi, na mara nyingi mtu huyo alikuwa mimi. Shule niliacha mapema. Kuandika herufi nzuri nilijua. Kujua zinasema nini kwa Kiingereza, hilo lilikuwa jambo jingine.

Siku tuliyojuana nilikuwa juu ya ngazi, namalizia ubao wa duka la kusuka nywele. Nilikuwa nimeandika MISS BEAUTY SALOON kwa rangi ya waridi.

“Fundi,” sauti ya mwanamke ikasema huko chini.

“Shikamoo,” nikajibu bila kugeuka.

“Marahaba. Humo ndani wanauza pombe?”

“Hapana, mama. Wanasuka nywele.”

“Basi punguza o moja. Ukiweka mbili inakuwa baa. Na mwenye duka ni binti wa ustadhi, utamgombanisha na baba yake.”

Nikageuka. Alikuwa mwembamba, amejitanda kanga, ameshika mfuko wa plastiki wenye madaftari na mchicha. Akautazama ubao tena, akasema, “Lile neno la mwanzo umepatia. Hilo usiliguse.” Akaenda zake.

Tangu siku hiyo, kila nilipopata kazi yenye Kiingereza, nilipita kwanza kwake. Nyumba yake ilikuwa mji mkongwe, ya mawe, ya baba yake, yenye baraza ndefu mbele. Nilimpa karatasi, naye alitoa kalamu nyekundu kifuani, kwani hakutembea bila kalamu hiyo hata akienda msibani. Alisoma, akasahihisha, akanirudishia. Hakupokea chochote kwa kazi hiyo. Wala hakunisifu. Kama karatasi haikuwa na kosa, aliitazama kwa muda mrefu zaidi, kama mtu anayetafuta mchanga kwenye wali, kisha akasema, “Haya, kapake.”

Aliwasahihisha watu wote. Kwenye mkahawa mmoja wa karibu na ufukwe, ambapo orodha ya vyakula iliahidi jiko la kukaanga na chipsi badala ya kuku, alisimama na chaki yake akafuta neno kitchen, akaandika chicken, akaagiza chai ya tangawizi kana kwamba hakuna lililotokea. Risala za harusi zilipitia kwake. Na kuna mwaka walileta mashindano ya urembo mjini, wakabandika matangazo ya Miss fulani kila nguzo, yeye akapita na kalamu yake akirekebisha tahajia za matangazo ambayo nusu ya masheikh walikuwa wanataka yachanwe.

Lakini siku mtalii mmoja aliposimama mbele ya baraza na kumuuliza njia ya kwenda Kaole kwa Kiingereza, Misi alimtazama kwa upole akamjibu kwa Kiswahili, taratibu, mwanzo hadi mwisho. Yule mzungu akashukuru, akaondoka hajui aendako. Nikamuuliza mbona amemfanyia hivyo.

“Yeye ndiye mgeni,” akasema. “Mimi nilijifunza lugha yake nikiwa kwetu. Na yeye ajifunze yangu akiwa kwetu.”

Hakuwahi kutoka Tanzania. Nadhani hata Dar es Salaam hakuipenda. Alikwenda kwa ajili ya hospitali na mazishi tu. Kiingereza kwake kilikuwa kama nyumba kubwa aliyoachiwa azitunze funguo zake, na aliujua kila mlango, ila mwenyewe hakulala humo. Kusali, kugombana, kulia, yote aliyafanya kwa Kiswahili.

Siku moja nilimuuliza kama halimuudhi jina la Misi, maana nilikwisha kuambiwa kwamba Miss ni mwanamke asiyeolewa, na mjini palikuwa na minong'ono kwamba yeye aliwahi kuolewa. Nilidhani atanifukuza. Badala yake akavuta daftari, akaandika lile neno kwa herufi kubwa.

“Hili ni maneno mawili yaliyovaa kanzu moja,” akasema. “Hili la kuniitia mimi lilikatwa kutoka neno mistress. Zamani huyo alikuwa bibi mwenye nyumba, mwenye amri, mwenye funguo. Wakalikata kipande kimoja wakampa mwenye mume, kipande kingine wakampa asiye naye. Misi na Misesi ni watoto wa tumbo moja. Kwa hiyo mnaponiita Misi, mnaniita Mwenye Nyumba. Mimi nina nyumba. Sina ugomvi.”

“Na la pili?”

“La pili ni la zamani zaidi. Ni la mtu aliyerusha mshale ukapita pembeni. Kukosa shabaha. Halafu wakalitumia kwa kukosa chombo cha safari, kwa kukosa darasa. Mwisho ndipo wakalipeleka kwenye moyo: mtu hayupo, na pale alipokuwa akikaa pana nafasi, unaiona kila ukipita.”

Nikamuuliza na kule Misheni je, kwa mapadri, si neno hilo hilo? Akacheka. Akasema hapana, huyo anafanana nalo kwa sura tu, ukoo wake ni mwingine: ametoka Kilatini, kwenye neno la kutuma. Mapadri walitumwa. Dismiss ni kutumwa nje, admission ni kutumwa ndani. “Usidanganyike na sura,” akasema. “Hata mjini hapa kuna watu wanafanana na hawana udugu.”

Alipenda kuchezea maneno kuliko kitu chochote. Mchezo wake mkubwa aliuita ngazi: unachukua neno la herufi nne, unabadili herufi moja tu, lazima lipatikane neno jingine la kweli, unabadili tena, mpaka ufike neno ulilopangiwa. Jioni alikuwa na wanafunzi wa tuisheni pale barazani, watoto wa majirani, naye aliwapa ngazi kabla ya kuwaruhusu kwenda kucheza. Nilikaa nyuma yao na karatasi zangu nikijifanya sisikilizi. Siku moja aliwaambia watoke MISS wafike LOVE. Walihangaika mpaka adhana ikakaribia. Hatimaye akaandika mwenyewe. Akaifanya MISS kuwa MOSS, akasema huo ni ule ujani laini unaoota kwenye kuta za magofu mvua ikizidi. MOSS akaifanya LOSS, hasara, au msiba. LOSS akaifanya LOSE, kupoteza. Na LOSE akaifanya LOVE.

“Hatua nne,” akasema. “Na zote ni za kupoteza mpaka ile ya mwisho.”

Watoto walikuwa wamekwisha kuvaa ndala zao. Hakuna aliyemsikia isipokuwa mimi.

Kitu kimoja ambacho hakukivumilia kabisa ni vijana wanaosema “nimekumisi.” Mpwa wake, binti wa kaka yake, aliyeolewa Miono, alikuwa akimpigia simu kila Ijumaa. Siku moja nilikuwepo, sauti ya simu ilikuwa juu: “Shangazi, nimekumisi!”

“Ulinilenga kwa mshale gani?” Misi akamjibu.

“Shangazi jamani.”

“Sema una hamu nami. Sema umeniwaza. Sema umeona ukiwa. Kiswahili kina maneno mangapi, mbona unakwenda kuazima la jirani?”

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alipoweka simu akanieleza jambo ambalo sidhani aliwahi kumweleza mtu mwingine, na hata leo sijui kwa nini alinichagua mimi.

Alikuwa ameolewa kweli, miezi michache, na mtu wa Pangani, wa ukoo wa wafanyabiashara. Yule bwana alipata kazi Tanga, akatangulia, akamwacha hapa amalizie muhula wa shule. Akiwa huko akamwandikia barua. Hakuwa amesoma sana, lakini alijua ameoa mwalimu wa Kiingereza, basi akaiandika kwa Kiingereza ili kumfurahisha. Barua nzima ilikuwa inasema jambo moja: kwamba anamkosa, nyumba ni kubwa, chakula hakipiti.

“Aliandika I am miss you,” Misi akasema. “Nilikuwa msichana, nimetoka chuoni juzi, najiona nimemeza kamusi. Nikachukua kalamu nyekundu. Makosa saba. Nikayasahihisha yote, vizuri kabisa, na chini nikaandika ‘jitahidi.’ Nikamrudishia. Nilidhani ni mzaha, fundi. Wallahi nilidhani atacheka.”

“Akasemaje?”

“Hakuandika tena. Ilikuja talaka. Iliandikwa kwa Kiswahili, na haikuwa na kosa hata moja.”

Alitabasamu kidogo alipolisema hilo, kama mtu anayesoma sentensi nzuri. Halafu akaniomba karatasi yangu ya siku ile, akaisahihisha, akanipa. Mkono wake ulikuwa imara kabisa.

Miaka ikaenda. Alistaafu, akaendelea na tuisheni. Mimi nikaoa, nikapata watoto, wakakaa nao pale barazani kwake wakapanda ngazi za maneno. Sasa nikirudisha fikra naona dalili zilikuwepo, ila hakuna aliyeziita kwa jina lake. Alikuuliza habari za mama yako, ukamjibu, na kabla chai haijapoa akakuuliza tena. Birika liliunguzwa mara mbili. Siku nyingine alimpa mtoto wangu ngazi ile ile aliyompa jana yake, na mtoto, kwa adabu, akaipanda tena kana kwamba ni mpya.

Ndipo ikaja kazi ya shule mpya ya chekechea, ya kufundishia kwa Kiingereza, iliyofunguliwa upande wa kwenda Kaole. Mwenye shule alitaka bango kubwa la bati barabarani, picha ya watoto wawili, na maneno ya kutangaza kwamba wanaandikisha wanafunzi. Wakati huo kazi za brashi zilikwisha kuwa haba. Nilikuwa nimekaa wiki nyingi bila bango hata moja, na hili nililiona kama bahati ya kunirudishia jina mjini. Nikampelekea Misi maneno. Akaniandikia kwa mkono wake mwenyewe, kwa herufi kubwa: ADMISION NOW ON.

Hapa lazima niseme ukweli, maana ndio unaoniuma. Niliposimama mbele ya lile bati, mkono wangu ulisita. Neno hilo nilikwisha kuliandika mara mbili tatu kwenye mabango mengine, na mkono wa fundi hukumbuka hata kama kichwa hakijui. Nilihisi pana upungufu. Lakini karatasi yake ilikuwa mfukoni, na karatasi yake haikuwahi kukosea. Nikapaka kama ilivyo.

Bango lilisimama siku mbili. Siku ya tatu picha yake ilikuwa kwenye simu za mji mzima, watu wanacheka: es moja badala ya mbili, shule ya Kiingereza, na Kiingereza kimewashinda mlangoni. Mwenye shule aliniita akanisema mbele ya walimu wake, kisha akaling'oa bango akaagiza jingine la kuchapishwa. Niliporudi mjini, kijana mmoja wa bajaji pale stendi akaniita kwa sauti, “Fundi, es mojaaa!” na wenzake wakaangua kicheko.

Sikwenda nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja kwa Misi. Ilikuwa saa kumi jioni, baraza imejaa watoto, na majirani wawili wa kike walikuwa wamekuja kuomba chumvi na kukaa. Sikuamkia. Nikamwekea karatasi yake mapajani.

“Misi, soma ulichoandika.”

Akavaa miwani. Akasoma. “Admission,” akasema. “Kuna nini?”

“Hesabu herufi.”

Akahesabu kwa kidole. Akahesabu tena. Watoto walikuwa wakitutazama, mmoja wao wangu. Niliona uso wake ukitafuta kosa na usilione, na hapo mtu mwenye akili angeinama, akachukua ile karatasi, akasema hapana neno, Misi, nitarekebisha. Mimi nilikuwa bado nasikia kile kicheko cha stendi.

“Es moja!” nikasema. “Miaka yote unatuambia habari ya Miss, na neno hilo hilo limo humo ndani, umeshindwa kuliandika. Umezeeka. Kama hujui tena, sema hujui, tusiaibike.”

Jirani mmoja akasema, “Astaghfirullah, fundi.”

Misi aliikunja karatasi mara mbili. “Haya,” akasema. Basi. Akawaambia watoto waende, leo hakuna ngazi.

Sikurudi pale. Mwanzo kwa hasira, kisha kwa haya, na haya ni kufuli baya kuliko hasira, kwa sababu kila siku inayopita inaongeza kutu. Nilibadili njia ya kwenda sokoni. Mwanangu aliniambia Misi amefunga tuisheni. Nikasema labda anapumzika. Mke wangu aliniambia, “Nenda kamtake radhi yule mama.” Nikasema nitakwenda Ijumaa. Ijumaa zilikuwa nyingi. Ulipita mwaka, na nusu ya mwingine. Kisha nikasikia mpwa wake amekuja na gari, amemchukua kumpeleka Miono, maana alikuwa anatoka nyumbani na kupotea ndani ya mji aliouzunguka maisha yake yote. Nikapita kwenye ile nyumba. Mlango ulikuwa na kufuli jipya, na barazani palikuwa na mbuzi wamelala.

Nilikwenda Miono baada ya mwezi wa Ramadhani. Nilipanda basi hadi Msata, nikabadilisha gari, mwisho nikachukua bodaboda kwenye vumbi jekundu, katikati ya mashamba ya ufuta. Mpwa wake alinipokea vizuri kuliko nilivyostahili. Alijua mimi ni nani. Alinitazama akasema tu, “Umechelewa kaka, lakini karibu.”

Misi alikuwa ukumbini, ameketi mkekani, amefungwa kanga safi, nywele zimesukwa vizuri. Kalamu haikuwepo kifuani.

“Shikamoo, Misi.”

“Marahaba, mwanangu. Umetoka wapi?”

“Bagamoyo.”

Uso ukamchangamka. “Bagamoyo! Pale kuna fundi mmoja wa mabango. Unamjua?”

Nikamtazama mpwa wake. Akainamisha macho.

“Namjua,” nikasema.

“Hajambo?”

“Hajambo.”

“Mimi nilimharibia kazi,” akasema, akisogea karibu kama anayetoa siri. “Nilimwandikia neno vibaya. Alikuja akaniambia. Alisema kweli, sikatai. Ila watoto walikuwepo.”

Nilikuwa nimejiandalia maneno tangu Msata, yote yakaniponyoka.

“Misi,” nikasema, “fundi mwenyewe ndiye mimi. Nimekuja kukuomba radhi.”

Akanitazama kwa makini, kuanzia kichwani hadi miguuni. Akatikisa kichwa, kwa upole kabisa, jinsi alivyokuwa akimtazama mtoto aliyejibu swali ambalo hakuulizwa.

“Hapana, mwanangu. Yule ni kijana mwembamba. Halafu ana hasira na mimi. Hawezi kuja mpaka huku.”

Nikarudia. Nikamtajia nyumba, baraza, ubao wa kwanza, jina la mtoto wangu. Alisikiliza kwa adabu, akiitikia, kama mtu anayesimuliwa habari za mji wa mbali. Mpwa wake akanigusa bega, nikaacha.

Baada ya muda Misi akasema, “Ukirudi, utamwona?”

“Nitamwona.”

“Basi mpelekee neno langu. Mwambie herufi zake zilikuwa nzuri. Zilinyooka. Nilikuwa nikipita mjini nazitazama, hata zile zisizo na Kiingereza. Sikumwambia hata siku moja. Nilikuwa natazama makosa tu.” Akanishika mkono. “Utamwambia?”

“Nitamwambia, Misi.”

“Usisahau.”

“Sitasahau.”

Akaridhika. Akamgeukia mpwa wake, akamwambia mgeni ametoka mbali, asiondoke bila kula. Nikaletewa maji ya kunawa, nikanawa, na tukala pamoja, yeye akinisogezea vipande vya samaki upande wangu wa sinia, asijue ni nani anayemlisha.